Kershaw akae wapi kati ya warushaji wakubwa wa wakati wote?

Ukitaja jina la Clayton Kershaw, aliyekuwa mrushaji wa Los Angeles Dodgers, mbele ya mtu anayefuatilia besiboli kuna mpira mmoja lazima atakukumbusha. Tarehe 7 Oktoba 2014, St. Louis, mechi ya nne ya mtoano dhidi ya Cardinals, iningi ya saba kati ya tisa za mechi, Dodgers wanaongoza 2-0. Kershaw yuko kazini baada ya kupumzika siku tatu tu badala ya nne za kawaida, na kwa iningi sita hao jamaa hawajamfanya kitu. Halafu watu wawili wanafika besi, anaingia Matt Adams, jitu linalopiga kwa mkono wa kushoto, Kershaw anamrushia ule mpira wake wa kupinda ambao mpaka siku ile hakuna mpigaji wa kushoto aliyewahi kuutoa nje ya uwanja. Adams akautoa. 3-2, na msimu ukaishia hapo. Kershaw akainama pale kwenye kichuguu, ule mwinuko wa udongo anaosimama mrushaji, mikono magotini, na hiyo picha ndo watu wengi wanayo kichwani mpaka leo.

Sasa jamaa amestaafu, amemaliza 2025 akiwa na Dodgers walewale waliomchukua akitoka sekondari 2006, miaka 18 ligi kuu ya Marekani timu moja, na swali la yeye akae wapi kati ya wakubwa wa wakati wote halikwepeki tena. Mimi nasema hivi, na nasema nikijua kuna watu watakasirika: Kershaw ni mrushaji wa pili kwa ubora kati ya wote waliorusha kwa mkono wa kushoto, yuko ndani ya kumi bora kwa ujumla, na yuko juu ya Sandy Koufax, yule mrushaji wa Dodgers wa miaka ya 60. Hiyo Oktoba yake, yaani mechi za mtoano, inampunguzia, sikatai, ila haimpunguzii kwa kiasi ambacho watu wanadai.

Tuanze na kazi yenyewe. Ushindi 223, kupoteza 96. ERA 2.53, yaani kwa kila iningi tisa alizorusha aliruhusu mikimbio miwili na nusu tu iliyotokana na yeye mwenyewe. Tangu 1920, mwaka ambao mchezo wenyewe ulibadilika na homurani (mpira unaopigwa mpaka nje ya uwanja) zikaanza kumiminika, hakuna mrushaji wa kuanza mechi aliyerusha iningi nyingi kama zake akawa na namba ndogo kuliko hiyo, hakuna kabisa. Aliongoza ligi yake (ligi kuu ina ligi mbili ndani yake) kwa ERA miaka minne mfululizo, 2011 mpaka 2014, akaongeza na 2017. Tuzo ya Cy Young, ile ya mrushaji bora wa mwaka, tatu, na 2014 wakampa na ya mchezaji bora wa ligi nzima, kitu ambacho warushaji hupewa kwa nadra sana kwa sababu wanaanza mechi moja katika tano.

Na misimu kumi mfululizo, 2009 mpaka 2018, ERA yake haikuwahi kufika 3. Hapo ndo napenda watu watulie kidogo. Mwaka mmoja mzuri mtu anaweza kuupata, hata miwili, upepo ukawa upande wake, mipira ikaenda mikononi mwa wenzake. Miaka kumi hapana. 2016 mgongo ukamsumbua akarusha iningi 149 tu, ila ndani ya hizo 149 aliwatoa watu 172 kwa straikauti (mpigaji akihesabiwa straiki tatu anatoka) na besi za bure alizogawa (ukirusha nje mara nne mpigaji anapewa besi) ni 11. Kumi na moja! Kuna warushaji wa ligi kuu wanagawa 11 ndani ya wiki mbili.

Kwa ambaye hajawahi kumwona, tafuta video zake za zamani umwangalie taratibu. Anainua mikono yote miwili juu ya kichwa, anaishusha, goti la kulia linapanda, halafu ule mguu unashuka chini wima kama mtu anayepapasa ngazi gizani, unasimama kidogo, ndo mwili mzima unasukumwa mbele. Huko kusimama kidogo ndo kulikokuwa kunawavuruga wapigaji, maana unahesabu mapigo yako vizuri halafu jamaa anakupunguzia nusu pigo. Mpira wa kasi enzi zake nzuri ulikuwa kama kilomita 150 kwa saa, slaida, mpira unaokata pembeni, nyuma kidogo ikitoka mkono uleule kwa namna ileile mpaka dakika ya mwisho inapokata, na ule wa kupinda ulikuwa kama 120, unatoka juu ya usawa wa macho unadondokea magotini. Mwaka 2008, kwenye mechi za maandalizi kabla hata hajaanza kucheza ligi kuu, mtangazaji Vin Scully aliuona mmoja akaupa jina la Adui wa Umma Namba Moja, na dogo alikuwa hajafikisha hata miaka 20.

Lakini kinachonifanya nimheshimu zaidi ni miaka ya baadaye, kasi iliposhuka mpaka kama 143. Mgongo mbovu, kiwiko, bega likafanyiwa upasuaji mwishoni mwa 2023, mwaka uliofuata goti na kidole cha mguu. Na bado 2025, umri miaka 37, akashinda mechi 11 akapoteza 2. Tarehe 2 Julai mwaka huo, pale Dodger Stadium, iningi ya sita, mpira wake wa 100 wa usiku ule, slaida ikapita pembeni kabisa, mpigaji wa White Sox akaiangalia tu, refa akaita, straikauti namba 3,000. Yeye ni wa 20 katika historia kufika hapo, wa nne kwa wa mkono wa kushoto, na ukitafuta waliofika huko wakacheza maisha yao yote timu moja unawapata Walter Johnson, Bob Gibson na yeye. Basi.

(Nipite hapa kidogo maana inatuhusu upande wetu wa dunia. 2011 yeye na mkewe walianza kuchangia pesa kwa kila straikauti ili kujenga nyumba ya watoto yatima Lusaka, Zambia, na mwaka huo zilikuwa straikauti 248, za juu kabisa kwenye ligi yake. Kwa hiyo kuna watoto Lusaka ambao kila mpigaji aliyerudi benchi kichwa chini kule Los Angeles alikuwa anawapa tofali. Haimpandishi kwenye orodha ya warushaji, najua, ila mimi siwezi kuandika habari zake nikaacha hilo.)

Haya, Koufax. Watu wa Los Angeles wenyewe wanagombana kuhusu hili, na wengi wa wazee wanasema usimguse Koufax. Nawaelewa. Miaka yake minne ya mwisho, 1963 mpaka 1966, alikuwa moto wa kuotea mbali: Cy Young tatu enzi ambazo tuzo ilikuwa moja tu kwa ligi zote mbili, straikauti 382 mwaka 1965, halafu 1966 akashinda mechi 27 kwa ERA 1.73, na kiwiko kikiwa kimeshakufa kwa ugonjwa wa viungo, akaacha mpira akiwa na miaka 30. Hiyo habari inauma na inapendeza kwa pamoja, ndo maana haifi.

Ila tuhesabu kazi yote. Misimu sita ya kwanza ya Koufax alishinda 36 akapoteza 40, ERA zaidi ya 4. Hiyo ni nusu ya maisha yake ya mpira jamani, hatuwezi kuikata tukaitupa kwa sababu nusu ya pili ni tamu. Na hiyo nusu ya pili, ukitoa mwaka 1961, nyumbani kwake palikuwa Dodger Stadium, uwanja uliofunguliwa 1962 ambao ulikuwa kaburi la wapigaji, tena kwenye kichuguu kirefu, enzi ambazo warushaji walitawala mpaka ligi ikaona aibu, na 1969 wakakishusha kichuguu kutoka inchi 15 mpaka 10 ili wapigaji wapumue. Kuna kipimo kinachoitwa ERA+, kinamlinganisha mrushaji na wenzake wa wakati uleule na viwanja vilevile, mtu wa kawaida anapata 100. Koufax kwa maisha yake yote ana 131. Kershaw yuko 154 hivi. Hiyo siyo tofauti ya kubishania.

Wataniambia Oktoba. Koufax kwenye World Series, yaani fainali ya ligi kuu, ana ERA 0.95, na 1965 alirusha mechi ya saba akiwa amepumzika siku mbili, hakuruhusu hata mkimbio mmoja. Kershaw kwenye mtoano ameshinda 13, amepoteza 13, ERA 4.62. Namba hizo zinatembea mtandaoni kila mwaka na mtu akishaziweka anaona kesi imeisha.

Kesi haijaisha. Kwanza, enzi za Koufax hakukuwa na mtoano wa hatua nyingi, ukiwa bingwa wa ligi yako unaenda moja kwa moja World Series, kwa hiyo Oktoba yake yote ya maisha ni iningi 57. Kershaw ana karibu 197. Hiyo ni sawa na msimu mzima wa ziada aliourusha dhidi ya timu bora tu, mwisho wa mwaka, mwili umechoka, maana kuanzia 2013 Dodgers walikuwa wanaingia mtoano kila mwaka. Pili, angalia jinsi alivyotumika. 2013 aliletwa akiwa amepumzika siku tatu, 2014 siku tatu, 2015 siku tatu, 2016 siku tatu tena na siku mbili baadaye akaingia iningi ya mwisho kule Washington kumalizia mechi ya tano, auti mbili, yaani akawatoa wapigaji wawili, mechi ikaisha mkononi mwake. Hiyo haikumbukwi. 2018 alimalizia mechi ya saba Milwaukee, nayo haikumbukwi. Kwa miaka mingi makocha wa Dodgers hawakuwaamini warushaji wao wa akiba, kwa hiyo iningi ya saba ikifika, mkono umechoka, wapigaji wameshamwona mara ya tatu, bado wanamwacha pale. Ukienda kuangalia maumivu yake mengi yako wapi utayakuta hapohapo, iningi ya saba. 2014 mechi ya kwanza dhidi ya Cardinals hao hao alikuwa mbele 6-2 saba inapoanza, wakampiga mfululizo, hawakumtoa, na ikaishia ameandikiwa mikimbio minane.

Tatu, World Series ya 2017 dhidi ya Houston Astros. Mechi ya kwanza Los Angeles alirusha iningi saba, straikauti 11, hakuna besi ya bure hata moja, mkimbio mmoja. Mechi ya tano Houston alipewa uongozi wa 4-0 na wapigaji walewale wakawa karibu hawadanganyiki. Januari 2020 ligi yenyewe ikatoa ripoti kwamba Astros msimu ule walikuwa wanatumia kamera kuiba ishara za mdakaji zinazomwambia mrushaji arushe nini, hata kwenye mtoano, meneja na bosi wa timu wakafungiwa mwaka mzima. Siwezi kusema kila mpira waliompiga usiku ule ulikuwa wa wizi. Ila ukiitumia mechi ile kama ushahidi kwamba Kershaw ana moyo mwepesi, nitakuuliza umesoma ile ripoti au hujaisoma.

Na zipo ambazo ni zake mwenyewe, nisimtetee kupita kiasi. 2019 dhidi ya Washington aliingia kama wa akiba, Rendon akamtoa nje, Soto akaja akamtoa nje mpira uliofuata, uongozi wa timu iliyoshinda mechi 106 ukafia mikononi mwake, na wakapoteza mechi na msimu. 2023 dhidi ya Arizona alipata auti moja tu, mikimbio sita. Hizo hakuna kocha wa kumlaumu, ziko kwenye daftari lake, na kwa sababu ya hizo siwezi kumweka juu kabisa ya orodha.

Lakini kuna usiku mwingine. World Series 2025, mechi ya tatu dhidi ya Toronto, ile iliyokwenda iningi 18. Kule ilianza jioni, kwetu ilikuwa saa tisa za usiku, na ilipoisha ilikuwa inakaribia saa nne asubuhi, watu wameshafika makazini, mimi bado simu iko mkononi na betri inakaribia kukata. Iningi ya 12, 5-5, besi zote zimejaa, auti mbili, mlango wa akiba unafunguka anatoka Kershaw, wiki chache kabla alikuwa ameshatangaza anastaafu, na kwenye mtoano uleule Phillies walikuwa wameshampiga vibaya. Mpigaji ni Nathan Lukes. Mipira minane. Hesabu ikajaa, mpira mmoja tu ukienda nje ni mkimbio, Toronto wanaongoza. Ule wa nane Lukes akaugonga taratibu ukaviringika upande wa besi ya pili, mlinzi wa Dodgers, Edman, akauwahi akaupeleka kwa Freeman wa besi ya kwanza, auti. Kershaw hakuruka wala hakupiga kelele sana, akatembea kurudi benchi. Freeman akaja kumaliza kwa homurani iningi ya 18, na Dodgers wakachukua ubingwa katika mechi saba. Yeye akaondoka na pete ya tatu, na ile ya 2020 aliipigania kwa mkono wake kabisa, alianza mechi mbili dhidi ya Tampa Bay akashinda zote mbili.

Sasa wale waliobaki. Kwa mkono wa kushoto kuna Lefty Grove, ushindi 300, aliongoza ERA mara tisa, na vitabu vingi vinamweka juu. Mimi simweki. Grove alirusha 1925 mpaka 1941, na mchezaji mweusi hakuruhusiwa kukanyaga ligi kuu mpaka Jackie Robinson alipoingia 1947. Satchel Paige, ambaye pengine alikuwa mrushaji bora kuliko wote wa kizazi kile, aliingia ligi kuu 1948 akiwa na miaka 42. Grove hakuifanya ile sheria, ila namba zake alizipata watu wazuri wakiwa wamefungiwa nje ya geti, na siwezi kujifanya sijui. Kershaw alirushia watu kutoka Dominican, Venezuela, Cuba, Japan, Korea, dunia nzima, na timu yake yenyewe 2022 ikaja mpaka Uganda kusajili vijana wawili. Ligi aliyoitawala ilikuwa ngumu zaidi.

Verlander na Scherzer, wenzake wa kizazi kimoja, nitawapita haraka: kila mmoja ana Cy Young tatu kama yeye, Verlander ana ushindi zaidi ya 260 na straikauti zaidi ya 3,500, ila mpira kwa mpira hakuna kati yao aliyekuwa mgumu kufunga dhidi yake kama Kershaw.

Anayenishinda ni Randy Johnson. Mita mbili na sentimita nane, mkono unatoka kama mjeledi, Cy Young tano, straikauti 4,875, ushindi 303. Ukiangalia ERA+ Kershaw yuko juu, 154 kwa 135. Ila Johnson alirusha iningi 4,135 na Kershaw 2,855. Tofauti ya iningi 1,280 ni misimu sita mizima ya mtu wa kazi, na hizo iningi lazima kuna mtu azirushe, Dodgers kila Kershaw alipokuwa na mgongo walimtafuta mwingine ambaye hakuwa Kershaw. Kosa si lake peke yake, mchezo umebadilika, Aprili 2022 kule Minneapolis alirusha iningi saba hakuna mtu hata mmoja aliyefika besi, mipira 80 tu, straikauti 13, wakamtoa wasije wakamuumiza, na mwenyewe akakubali. Johnson enzi zake asingetoka pale hata kwa polisi. Halafu 2001 akashinda mechi tatu za World Series moja, ya mwisho akitoka benchi siku moja baada ya kuanza mechi. Kwa hiyo Johnson mbele, Kershaw nyuma yake, na nikiongeza wa mkono wa kulia kama Walter Johnson na iningi zake karibu 6,000 (na yeye nina lile swali langu la Grove), Greg Maddux, Tom Seaver, Roger Clemens kwa namba ambaye mpaka leo hajaingia Cooperstown, jumba la heshima la besiboli, sababu ya tuhuma za dawa anazozikana, Kershaw anaangukia saba, nane, tisa pale.

Na kuna Pedro Martínez, huyu ndo ananikosesha usingizi. Pedro ushindi 219, kupoteza 100, iningi 2,827. Kershaw 223, 96, iningi 2,855. Hawa ni kama mapacha. ERA+ zao zinagusana. Lakini mwaka 2000 Pedro alimaliza na 1.74 kwenye ligi ambayo mrushaji wa kawaida alikuwa karibu 5, watu wamejaa misuli, homurani kila kona, na hakuna msimu wa Kershaw unaofika pale, hata 2014. Upande wa pili Pedro alianza kuchoka akiwa na miaka 34, na Kershaw akiwa na 35, bega limechanika, bado alimaliza msimu na 2.46. Nikitaka mtu wa mechi moja namchukua Pedro wa 2000. Nikitaka mtu wa miaka 15 namchukua Kershaw bila kufikiri, na kwa kuwa hapa tunapima maisha yote ya mtu siyo usiku mmoja, nimemweka Kershaw wa saba na Pedro wa nane.